Sauti ya Mwandishi na Nafsi ya Kwanza katika Nathari ya Kiswahili

1. Utangulizi

Msomaji aliyezoea vitabu vya Kiswahili akipewa ukurasa mmoja uliofutwa jina la mtungaji, mara nyingi ataweza kumtaja mwenyewe kabla hajafika mwisho wa aya ya pili. Akiulizwa amemjuaje, jibu lake aghalabu halitoshelezi. Atasema kwamba mtungaji huyo ana Kiswahili kizito, au ana Kiswahili chepesi, au kwamba ndivyo aandikavyo siku zote. Majibu ya namna hii yanathibitisha kuwa jambo lenyewe lipo, lakini hayalielezi. Makala haya yanakusudia kulieleza kwa kadiri iwezekanavyo: ni nini katika maandishi kimfanyacho mwandishi mmoja asikike kuwa yeye, wala si mwingine?

Tutajifunga na nathari ya nafsi ya kwanza, yaani maandishi ambamo msemaji hujiita "mimi". Tumeichagua kwa sababu hapo ndipo kosa la kufikiri lilipo jepesi zaidi. Ni rahisi kudhani kwamba mtu akishaandika "mimi", sauti yake imekwisha patikana. Ukweli ni kwamba kiambishi *ni-* ni mali ya kila msemaji wa Kiswahili, na kitu kilicho mali ya wote hakiwezi peke yake kumtambulisha mmoja. Hoja yetu ni kuwa sauti hujengwa na uteuzi wa kisarufi unaorudiwarudiwa hadi ukawa desturi, na kwamba kazi kuu ya uteuzi huo ni kuamua msemaji amesimama wapi mbele ya msomaji wake. Msamiati adimu, methali na tashbihi vina nafasi yake, lakini ni kama nguo: humpamba mtu, wala haziumbi mwili wake.

Swali hili halihusu wahakiki peke yao. Kwa miaka mingi tumewafundisha wanafunzi kwamba mtindo mzuri ni mkusanyo wa mapambo, na tumevuna tulichopanda: insha nyingi zilizoandikwa na mikono mingi, lakini zikisema kwa kinywa kimoja. Tutairudia habari hii mwishoni.

2. Sauti, mtindo na msimulizi

Kabla ya kuendelea yafaa tutenganishe mambo matatu ambayo huchanganywa mara kwa mara. *Mtindo* ni jumla ya njia za lugha zitumikazo katika kazi fulani. Waweza kuwa wa mtu, wa kipindi, wa idara ya serikali, hata wa gazeti zima. *Msimulizi* ni mtu wa kubuni asemaye ndani ya kazi. Kazimoto katika *Kichwamaji* ni msimulizi, wala hatuna haki ya kumwita Kezilahabi. *Sauti* ni kile kibakiacho mtindo unapobadilika na msimulizi anapobadilika: ni namna ya pekee ya kumwelekea msomaji, ambayo mwandishi huichukua kutoka kitabu hadi kitabu.

Tangu Buffon alipotoa hotuba yake juu ya mtindo mbele ya Akademia ya Ufaransa mwaka 1753, imekuwa desturi kusema kwamba mtindo wa mtu ndio mtu mwenyewe. Kauli hiyo inavutia, lakini yaweza kumpoteza mwanafunzi akadhani kwamba sauti ni tabia ya kuzaliwa ambayo haichunguziki. Sisi tunaona kwamba huchunguzika, kwa kuwa imetengenezwa kwa vitu vinavyohesabika: viambishi, viunganishi, mpangilio wa maneno na urefu wa sentensi.

3. Sarufi kama ghala la uteuzi

Tutoe mfano tuliouunda wenyewe. Mtu amefika Likoni, Mombasa, akakuta feri imeshaondoka. Tukio ni moja, na msemaji ni "mimi" katika sentensi zote nne:

(a) Nilifika kivukoni. Feri ilikuwa imeondoka. Nilisimama.

(b) Nikafika kivukoni, nikaikuta feri imeshaondoka, nikajiinamia, nikangoja ya pili.

(c) Afikaye kivukoni baada ya feri kuondoka hana wa kumlaumu ila usingizi wake. Nami siku hiyo nilikuwa mmoja wa watu hao.

(d) Basi bwana, nafika kivukoni hivi, feri siioni!

Habari iliyomo haikubadilika. Tena hakuna neno hata moja lililo gumu, hakuna methali, hakuna tashbihi. Hata hivyo hakuna msomaji atakayedhani kwamba sentensi hizi nne zimetoka kwa mtu mmoja aliye katika hali moja.

Katika (a) kiambishi *-li-* kinarudiwa bila kuunganishwa na kitu. Kila tendo limesimama peke yake kama nguzo, na msomaji ameachiwa kazi ya kujaza uwazi uliopo kati ya nguzo hizo. Msemaji wa namna hii haelezi anavyoona moyoni. Kunyamaza kwake ndiko kunakosema. Katika (b) kiambishi *-ka-* kinafungamanisha matendo yawe mnyororo. Huyu ni msimulizi wa hadithi, anayemtaka msikilizaji afuatane naye hatua kwa hatua, na uzito wa habari umo katika mwendo wake.

Katika (c) hali imegeuka kabisa. Sentensi imeanza na kanuni ya watu wote, kwa kirejeshi *afikaye*, ndipo msemaji akajitia ndani ya kanuni hiyo kama mfano mmoja tu. Laiti angeandika "mtu ambaye anafika", mizani ya sentensi ingelegea, na kauli ingekosa ukali wa hekima. Katika (d) msemaji ametumia kiambishi *-a-*, ambacho kikiungana na *ni-* hutoa *na-*. Jambo lililopita limesogezwa mbele ya macho. Neno "hivi" linadai ishara ya mkono, na "bwana" linadai mtu aliyeketi karibu. Msomaji amefanywa jirani.

Tunapata basi misimamo minne: mtu anyamazaye, mtu asimuliaye, mtu apimaye, na mtu azungumzaye barazani. Hakuna mwandishi anayetumia mmoja tu. Lakini kila mwandishi mwenye sauti ana msimamo anaourudia pale mambo yanapomzidi uzito, na ndipo sikio la msomaji linapomtambua.

4. Shaaban Robert: "mimi" apimaye

Shaaban Robert (1909–1962) alituachia tawasifu, *Maisha Yangu* na *Baada ya Miaka Hamsini*, sehemu mbili ambazo husomwa katika juzuu moja. Mtu angetarajia kwamba hapo, kuliko katika *Kusadikika* (1951) au *Adili na Nduguze* (1952), ndipo "mimi" wake angejitokeza bila kizuizi. Lakini msomaji makini huona kwamba hata anaposimulia misiba yake mwenyewe, mwandishi huyu hupenda kuifikia kwa njia ya kanuni ya watu wote. Sentensi yake ya kawaida ni ya aina ya (c): hutangulia na jambo la wanadamu wote, kisha huiweka nafsi yake chini ya jambo hilo.

Nguzo za sauti hii zinajulikana. Ya kwanza ni ulinganifu: kishazi hujibiwa na kishazi, sifa hujibiwa na kinyume chake, kama sahani mbili za mizani. Ya pili ni nomino dhahania kutenda kazi ya watu. Katika *Kusadikika* mshtakiwa huitwa Karama na mshtaki wake Majivuno, na katika riwaya nyingine mkulima huitwa Utubora. Ya tatu ni kurudia jambo kwa maneno mengine, si kwa kukosa la kusema, bali ili msomaji apewe nafasi ya kupima mara ya pili.

Tabia hiyo haikuishia kwenye sentensi. Karama anapojitetea mahakamani anasimulia habari za wajumbe sita, kila mmoja ametumwa upande wake: mashariki, magharibi, kaskazini, kusini, mbinguni na ardhini; kila mmoja amerudi na jambo la manufaa, na kila mmoja amelipwa kifungo. Mpango wa kitabu kizima umejengwa kwa ulinganifu uleule uliojenga sentensi moja. Hapo twaona kwa nini sauti si rangi iliyopakwa juu ya habari.

Je, msomaji amewekwa wapi? Amewekwa katika kiti cha hakimu. Shaaban Robert alikuwa karani wa serikali ya kikoloni kwa muda mrefu wa maisha yake, na aliandika katika zama ambazo Mwafrika hakusikilizwa kwa urahisi. Mtu asiyesikilizwa ana njia mbili: kupaza sauti, au kuzungumza kwa utulivu kiasi cha kumfanya asiyesikiliza aonekane ndiye mwenye kasoro. Upole wa nathari yake ni hoja. Anapokataa kulalamika kwa ajili ya nafsi yake, humwachia msomaji kazi ya kulalamika kwa niaba yake.

Mtafiti wa leo ana bahati ambayo wahakiki wa mwanzo hawakuwa nayo. Barua alizomwandikia ndugu yake kati ya 1931 na 1958 zilichapishwa mwaka 2002. Barua ya faragha haiandikwi kwa ajili ya umma, na kwa hiyo ni kipimo kizuri cha kuuliza ni kiasi gani cha sauti ya vitabuni kilikuwa vazi la hadhara, na ni kiasi gani kilikuwa desturi ya mtu mwenyewe. Kazi hiyo ingefaa kupewa wanafunzi wetu wa uzamili.

5. Kezilahabi: "mimi" anyamazaye

Tukitoka kwa Shaaban Robert tukaingia kwa Euphrase Kezilahabi (1944–2020), ni kama mtu aliyetoka barazani akaingia katika chumba kisicho na fanicha. *Kichwamaji*, iliyotoka mwaka 1974, husimuliwa na Kazimoto, kijana wa chuo kikuu, kwa nafsi ya kwanza. Sentensi nyingi ni fupi, vitenzi ni vya kila siku, na kiambishi *-li-* hushika usukani kama katika mfano wetu wa (a). Methali inapotokea, aghalabu haileti faraja. Huonekana kama sarafu ya zamani ambayo haipokelewi tena dukani.

Wako waliosema, hasa katika mabishano ya miaka ya 1970 kuhusu ushairi huru yaliyozuka baada ya *Kichomi* (1974), kwamba Kezilahabi alikosa utamu wa lugha kwa kuwa alizaliwa Ukerewe, si pwani. Maelezo hayo hayatoshi. Mtu aliyezaliwa nje ya pwani angaliweza kukusanya maneno ya pwani kama wengi walivyofanya. Yeye alichagua lugha ya kawaida ya watu, na akautetea uchaguzi huo katika utangulizi wa *Kichomi*. Ukavu wa nathari ya *Kichwamaji* unalingana na msemaji asiyeamini kwamba kuna hekima iliyokwisha andaliwa ambayo yeye angeweza kuichota. Kazimoto hawezi kusema "afikaye kivukoni", kwa sababu kusema hivyo ni kuamini kuwa kuna kanuni inayowafunga wote. Ana tukio, na baada ya tukio ana swali. Msomaji hakuwekwa katika kiti cha hakimu. Ameachwa amesimama kando ya msemaji, wote wawili wakitazama jambo wasilolielewa.

Kazi zake za baadaye zinatusaidia kutenganisha sauti na mtindo. *Nagona* na *Mzingile*, zilizotoka karibu na 1990, zimeacha uhalisia kabisa: hakuna mji unaojulikana, matukio yanavunjikavunjika, na maono yanaingia mahali pa visa. Mtindo umebadilika kiasi kwamba mtu angeweza kudhani ni mwandishi mwingine. Lakini ukimya uliopo baada ya sentensi fupi ni uleule, na swali lisilojibiwa limebaki mahali pake. Kilichobaki baada ya mabadiliko hayo yote ndicho tunachokiita sauti.

6. Walibora: "mimi" aifurahiaye lugha

Mfano wa tatu ni wa hapa Kenya. *Siku Njema* ya Ken Walibora ilitoka mwaka 1996, nayo husimuliwa na kijana aitwaye Kongowea Mswahili. Jina hilo lenyewe ni tangazo, kwani Kongowea ni jina la kale la Mombasa. Kijana huyu analelewa Tanga na mama aliye mwimbaji wa taarabu, kisha anafiwa, na hatimaye anavuka mpaka kuja Kenya kumtafuta baba hadi Kitale. Mwandishi mwenyewe alikulia bara, mbali na pwani, na hadi alipofariki mwaka 2020 alikuwa amejulikana pia kama mtangazaji na mwandishi wa makala katika gazeti la *Taifa Leo*.

Hapa msamiati adimu upo, na upo kwa wingi. Je, hoja yetu imevunjika? Tunaona haikuvunjika. Kongowea ni mtoto aliyenyimwa baba, akanyimwa nyumba, na kwa muda akanyimwa hata hakika ya nchi yake. Kitu kimoja ambacho hakuna aliyeweza kumnyang'anya ni lugha. Neno adimu kinywani mwake ni urithi anaoushika kwa mikono miwili, na furaha yake katika kulitamka ni furaha ya maskini aliyegundua kwamba anayo dhahabu. Zaidi ya hayo, neno hilo huja likiandamana na sarufi ya (b) na (d): mnyororo wa *-ka-*, na mazungumzo ya karibu na msomaji, yenye ucheshi wa mtu anayejicheka mwenyewe. Msomaji amefanywa rafiki wa safari.

Wanafunzi wengi wa shule za Kenya walikisoma kitabu hiki, na si wachache walioiga lugha yake. Lakini walichoiga kilikuwa maneno. Waliyaokota wakayapanga katika insha zao kama vyombo vya harusi vilivyoazimwa, bila upweke wa Kongowea uliokuwa umeyapa kazi. Neno lilelile, likiwa kwa mwenye haja nalo, lina sauti; likiwa kwa asiye na haja nalo, lina mlio tu.

7. Lugha sanifu na sauti ya mtu

Yumkini mtu atauliza kama usanifishaji haukuziua sauti za watu. Mkutano uliofanyika Mombasa mwaka 1928 uliichagua Kiunguja iwe msingi wa lugha sanifu, na tangu 1930 Kamati ya Lugha ya Afrika ya Mashariki ikawa na kazi ya kuangalia lugha ya vitabu. Hapana shaka kwamba usimamizi huo ulibana. Abdilatif Abdalla alipoyatunga mashairi ya *Sauti ya Dhiki* (1973) akiwa gerezani, aliyatunga kwa Kimvita, na sehemu ya nguvu yake imo humo: mtu aliyefungwa alisema kwa lugha ya nyumbani kwao. Muhammed Said Abdulla naye, katika hadithi zake za Bwana Msa zilizoanza na *Mzimu wa Watu wa Kale* (1960), aliyaacha mazungumzo ya Waunguja yatiririke kama yasikikavyo mitaani.

Hata hivyo, Shaaban Robert, Kezilahabi na Walibora wote watatu waliandika, kwa jumla, katika Kiswahili sanifu, na hakuna anayeweza kumchanganya mmoja na mwingine. Kwa hiyo lahaja ni mlango mmojawapo wa kuingilia, wala si nyumba yenyewe. Usanifu huamua tahajia na upatanisho wa ngeli. Hauamui kama sentensi itaanza na kanuni au na tukio, wala kama msomaji ataitwa hakimu, shahidi au rafiki.

8. Insha za wanafunzi wetu

Tangu mfumo wa 8-4-4 uanze mwaka 1985, Kiswahili kikawa somo la lazima la mtihani katika shule za msingi na za upili nchini Kenya. Hiyo ilikuwa heshima kubwa kwa lugha. Lakini mtihani wa watu wengi hupenda kitu kinachohesabika kwa haraka, na mapambo ndiyo yaliyo mepesi kuhesabu. Mwanafunzi akajifunza kwamba siku ya huzuni lazima ianze na mawingu mazito, kwamba mwalimu mkuu lazima awe na kauli ya radi, na kwamba aya isiyo na methali ni aya yenye njaa. Akifika chuo kikuu tunamlaumu kwa kukosa sauti, ilhali tulimtuza kila alipoinyamazisha.

Tunapendekeza mazoezi matatu. La kwanza ni la mfano wa kivukoni: mwanafunzi apewe tukio moja dogo, aliandike mara nne kwa misimamo minne, akatazwe tashbihi na methali, kisha aeleze ni upi ulio karibu naye na kwa nini. La pili ni la kuondoa: achukue insha aliyokwisha iandika, afute kila pambo, na asome kilichobaki. Kama kilichobaki chaweza kuwa cha mtu yeyote, tatizo halikuwa la msamiati. La tatu ni la kusikiliza: ukurasa mmoja wa Shaaban Robert na mmoja wa Kezilahabi viwekwe sambamba, na darasa lihesabu *-ka-*, *-li-*, virejeshi, viunganishi na sentensi zianzazo na kanuni. Hesabu hiyo peke yake haitamfanya mtu kuwa mwandishi. Lakini itamwonyesha kwamba kile alichokiita "ndivyo aandikavyo" kina viungo, na kwamba viungo hivyo vimo pia mkononi mwake.

9. Tamati

Tumejaribu kuonyesha kwamba "mimi" wa Shaaban Robert hupima, "mimi" wa Kezilahabi hunyamaza, na "mimi" wa Walibora huishangilia lugha iliyomwokoa, na kwamba tofauti hizo hukaa katika viambishi na mipangilio ambayo kila mzungumzaji wa Kiswahili anayo tangu utotoni. Aliye na sauti hakupewa sarufi ya siri. Alijua, au alihisi, ni wapi alitaka kusimama mbele ya msomaji, kisha akasimama hapo mara nyingi kiasi cha sisi kumtambua kutoka mbali. Wajibu wa mwalimu wa lugha ni kumsaidia mwanafunzi apapate mahali pake pa kusimama kabla ya kumkabidhi mapambo.